Namba Niliyoiacha kwenye Geji

Vijana wa klabu ya sayansi, hamjambo. Mlipomtuma kiranja wenu aje Rusimbi kuniomba kumbukumbu za kazi, nadhani mlimwambia atakuta mzee mwenye miwani na rafu ya vitabu. Alikuta mzee wa kikoi, anachambua mchele kwenye ungo. Mke wangu, Mwajuma, amegundua kwamba mstaafu wa maabara huona vijiwe ambavyo wengine hawavioni. Ndiyo faida pekee iliyopatikana nyumbani kwangu kutokana na fizikia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kama umetumwa na mtendaji, mwenye nyumba hayupo."

Akacheka, akakaa, akasema shida yake. Nikajitetea. Nikamwambia mimi ni wa kidato cha nne tu, tena matokeo yangu hayakubandikwa ukutani na mtu yeyote. Nikamwambia mwandiko wangu unafanana na njia ya siafu. Akasubiri nimalize, kisha akaanza kukunja kona ya daftari lake.

"Kuna kingine, Babu. Watu wanasema Madam Faraja aliondoka chuoni kwa sababu alipika matokeo. Darasani tumegawanyika, wengine hatusalimiani. Madam alikuwa anasema wewe ndiye fundi wake. Ulikuwepo. Ni kweli alipika?"

Nikamwambia nitaandika. Akaaga vizuri, akaenda. Mchele wa siku ile tulikula na vijiwe vyake.

Basi naandika. Nitazunguka kidogo, ndivyo nilivyo, lakini mwisho nitafika kwa Mwalimu wenu. Nikijaribu kukwepa, nishikeni shati.

Miaka ishirini na tisa kazi yangu ilikuwa kutengeneza utando. Chukua milimita moja kwenye rula yako, igawe vipande milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Mimi nilitengeneza tando za nanomita ishirini, kumi, tano, hata mbili. Nilizitengeneza chuoni, huko pwani, katika maabara ya ghorofa ya chini isiyo na dirisha, mimi mtu ambaye mpaka leo nikivuka mtaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, naona nimesafiri na nataka kurudi. Kila likizo nilikuwa wa kwanza kwenye treni ya Kigoma, na kila likizo ikiisha nilikuwa wa mwisho kurudi chuoni.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Samsoni, fundi mkuu, mtu wa Kidahwe. Usidanganywe na jina, alikuwa mfupi kiasi kwamba alipanda kigoda kufungua mtambo. Siku ya kwanza alinipa vioo kumi nioshe. Niliviosha kwa sabuni, kwa asetoni, kwa spiriti, kwa maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, halafu nikaanza upya kwa sababu nilihisi nimepumulia kimoja.

"Wewe utafaa," akasema. "Una woga. Kazi hii inataka mtu mwoga."

Nilifurahi. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuniajiri kwa kasoro yangu.

Nitawaeleza kazi yenyewe, maana siku moja huenda mkaifanya. Unahitaji kwanza mahali pa kuutandaza utando. Sisi tulitumia ulanga, lile jiwe linalochanika tabaka kwa tabaka kama kurasa. Unabandika selotepu juu, unakandamiza kwa kidole gumba, unavuta taratibu kwa pumzi moja bila kusita. Tabaka la juu linatoka na selotepu, chini unabaki uso mpya ambao tangu dunia iumbwe haujaguswa na kitu. Usiongee juu yake. Mate yako kwake ni mafuriko. Unaupeleka haraka kwenye chumba cha mtambo, unafunga, pampu zinanyonya hewa yote mpaka libaki ombwe. Hapo ndipo unapopasha moto kisahani chenye metali yako. Metali inageuka mvuke, inapanda, inatua juu ya ulanga kama umande.

Na kila mara, kabla hujala, kabla hujajisaidia, unaandika kwenye daftari la mtambo: tarehe, nyenzo, namba ya densiti, unene, na jina la aliyekuwa kwenye mtambo.

"Andika hata kama umeharibu," Mzee Samsoni alisema. "Ukiharibu ndiyo uandike kwa kalamu ya wino."

Nilimtii. Mwaka wangu wa pili niliharibu, na niliandika kwa wino.

Ilikuwa hivi. Mlango wa mtambo una mpira wa kuziba, na mpira ule hupakwa grisi maalumu isiyotoa mvuke. Grisi ikaisha. Mzee Samsoni alikuwa likizo Kidahwe. Mpira ukawa mkavu, unalia kama mlango wa choo. Sasa niambieni, mtu wa Kigoma akisikia kitu kinalia hufanya nini? Nilikuwa na chupa ya mawese mama aliyonitumia kutoka Ujiji. Nyumbani tulipaka mawese bawaba, baiskeli, na watoto. Nikachovya kidole, nikapaka mpira wote, ukanyamaza, nikajipongeza.

Pampu zilikimbia siku mbili na ombwe halikupatikana. Siku ya tatu Mzee Samsoni akarudi, akawasha kisahani kujaribu. Chumba kikapata joto. Akanusa. Akashuka kwenye kigoda, akanusa tena.

"Nani anakaanga migebuka humu ndani?"

Migebuka ndio samaki wetu wa mawese; nilikiri palepale. Tulisafisha mtambo wiki nzima, kila bomba, kila nati. Yeye hakunikaripia hata mara moja, alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini wanafunzi walisikia, na kuanzia hapo jina langu likawa Mawese. Profesa aliniita Mawese. Wageni kutoka nje walifundishwa waseme "Shikamoo, Mawese", wakadhani ni cheo. Katika kadi ya sikukuu ya idara niliandikiwa Bwana R. Mawese. Nilicheka pamoja nao. Nilicheka miaka mingi sana, mpaka shavu likajua kazi yake bila kuambiwa.

Mnacheka na nyinyi. Chekeni, ninawaruhusu. Ila mkumbuke kisa hiki tutakapofika mbele.

Sasa Faraja.

Alikuja kusoma shahada ya juu kabisa, binti mwembamba mwenye mfuko wa turubai. Mzee Samsoni alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye niliyekuwa napanda kigoda, ingawa sikukihitaji. Alinisikia nikigombana na pampu, akasimama mlangoni.

"Mwakeye, Papa."

Nikageuka. Huko pwani hakuna aliyenisalimia hivyo, kwa Kiha. Nikamuuliza wa wapi. Akasema Katonga. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, akaoa hapahapa, na mama yake anauza dagaa pale mwaloni, samaki wanaposhushwa.

"Na wewe ni wa Ujiji," akaniambia. "Nimesikia unavyoitukana pampu."

Siku hiyo akaniita Papa Rajabu, Papa ya Kikongo, yaani baba, na hakuacha. Jina la Mawese alilisikia kila siku kwa wenzake, hakulitamka hata mara moja. Nilitambua hilo, na sikuwahi kumwambia kwamba nimetambua.

Kazi yake ilikuwa antimoni. Mzee Samsoni aliwahi kunieleza kwamba wanja wa manga wa zamani, ule wa kusaga jiwe, ulikuwa na antimoni ndani yake, kwa hiyo bibi zenu walipaka machoni kitu ambacho maprofesa wanakikodolea macho. Antimoni ni nusu-metali: inapitisha umeme, lakini kwa uvivu. Ukiifanya utando mwembamba, ndani yake panazidi kuwa pagumu kupita, umeme unakwama. Lakini juu, kwenye ngozi yenyewe, njia inabaki wazi. Na ngozi hiyo huwezi kuiondoa kwa kuikwangua, maana ukikwangua, iliyokuwa chini yake inakuwa ngozi mpya, nayo ina njia ileile. Chanzo chake kiko ndani, katika namna elektroni zilivyopangika.

Profesa alitueleza kwa mkanda wa suruali. Aliuvua, akausokota mara moja, akaunganisha ncha. "Ondoeni msokoto," akasema, "bila kufungua kifungo chake." Tukavuta, tukapindua, msokoto ukahama lakini haukutoka. "Hiyo ndiyo topolojia," akasema kwa fahari, na suruali ikamshuka mpaka magotini. Faraja alinishika mkono asianguke kwa kicheko. Nikifumba macho, hiyo ndiyo sura yake ninayoiona.

Ila kuna mwisho. Utando ukiwa mwembamba kupita kiasi, ngozi ya juu na ngozi ya chini zinakaribiana mno. Zinaanza kusikiana, kama wapangaji wawili waliotenganishwa na ukuta wa maboksi, na kila mmoja anamvuruga mwenzake. Hapo njia inafungwa. Kwa antimoni, katika nanomita mbili, hesabu zilisema lazima ifungwe. Faraja alitaka kuona inavyofungwa.

Ijumaa moja tukautengeneza utando wa nanomita mbili.

Lazima niwaeleze geji, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Geji ya unene haioni unene. Ndani ya mtambo kuna kipande cha fuwele kinachotetema, metali ikitua juu yake kinaelemewa, kinatetema polepole zaidi. Geji inajua uzito tu. Wewe ndiye unayeiambia ni kitu gani kinatua, kwa kuipa namba ya densiti, yaani uzito wa kitu hicho kwa ujazo wake. Mama yake Faraja angewaeleza vizuri zaidi: kilo ya dagaa wakavu inajaza ndoo, kilo ya mchanga inafunika kitako tu. Mtu asiyeona, ukimwambia kilo hii ni mchanga kumbe ni dagaa, atakujibu kwamba ndoo iko karibu tupu.

Alhamisi nilikuwa nimepaka dhahabu kwa mwanafunzi mwingine. Namba ya dhahabu ni 19.3. Ya antimoni ni 6.7. Kila siku nilibadilisha namba kabla ya kugusa swichi. Siku ile Faraja alikuwa na simu kutoka nyumbani, ananisimulia kwamba dagaa wamejaa Katonga mpaka watu wanaanika juu ya mapaa, mama yake ameishiwa na mahali pa kutandaza. Nami nikawa naiona. Nikawa nanusa kabisa. Tukaongea nyumbani, nyumbani, nyumbani, nikawasha kisahani, geji ikapanda mpaka mbili, nikafunga. Kwenye daftari nikaandika kila kitu, isipokuwa nafasi ya densiti. Niliiacha nikisema nitajaza.

Jumatatu asubuhi nikawasha geji kwa kazi nyingine, ikaonyesha namba iliyotumika mwisho. 19.3.

Nilisimama pale. Nikapiga hesabu kichwani, nikapiga kwenye karatasi, nikapiga tena. Utando wa Ijumaa haukuwa wa mbili. Ulikuwa karibu sita. Na utando wa sita hauna la ajabu, njia yake huwa wazi, kila mtu anajua.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe mlango ulipofunguliwa.

"Papa Rajabu! Haijafungwa! Nimepima Jumamosi yote, njia iko wazi. Katika mbili, Papa! Katika mbili!"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Nyuma yake akaingia Profesa, na wanafunzi, wanapiga makofi, na mmoja akapaza sauti: "Leo hata Mawese kaweka mkono wake, na hatujasikia harufu ya samaki!"

Chumba kizima kikacheka. Shavu langu likacheka. Mdomo ukafunga.

Nikasema nitamwambia akiwa peke yake. Saa sita alikuwa peke yake, lakini alikuwa anaongea na baba yake kwenye simu, na nilimsikia mzee yule akishangilia upande wa pili. Nikasema kesho. Kesho Profesa alikuwa ameshawaandikia watafiti wa nje ya nchi. Wiki iliyofuata ilikuwa vigumu kuliko kesho yake, na mwezi uliofuata ulikuwa vigumu kuliko wiki. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mtu hasemi "leo nimeamua kunyamaza". Anaahirisha tu.

Kisha likaja baya zaidi. Faraja alitaka kurudia, kama mtafiti yeyote mwaminifu. Tukatengeneza nyingine za nanomita mbili, kumi na moja, na mara zote kumi na moja niliweka 6.7. Zote njia ilifungwa. Mnaelewa? Kadiri nilivyofanya kazi yangu sawasawa, ndivyo yeye alivyoonekana mwongo. Akapungua uzito. Akawa anakaa mbele ya mtambo na kipande chake cha Ijumaa ndani ya kikasha, anakitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyekataa kusema.

Watafiti wa nje wakaomba kile kipande, wakapima unene wake kwa vyombo vyao. Wakajibu: karibu sita. Wakauliza kwa adabu sana, namna ile ya adabu inayouma, namba mbili ilitoka wapi.

Profesa akatuita ofisini. Faraja alikaa, mimi nilisimama.

"Rajabu," akasema, na siku hiyo hakuniita Mawese, "wewe ndiye uliyekuwa kwenye mtambo. Geji ilikuwa sawa?"

Sekunde moja ilitosha. Nilikuwa na watoto wanasoma, ndiyo, na cheo, ndiyo, lakini nisiwadanganye, sikufikiria hayo. Niliwasikia wanavyocheka. Hicho tu. Mtu mzima mwenye mvi, nilisikia kicheko ambacho hakijatoka bado.

"Ilikuwa sawa, Profesa."

Faraja akanigeukia. Hakukunja uso. Alinitazama jinsi alivyokuwa akitazama ulanga, akitafuta mahali pa kuanzia kuchana.

Hakufukuzwa. Hilo mliweke wazi kwanza. Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna tena aliyekaa naye meza moja, na makala yake iliyopelekwa kwenye jarida ikaondolewa, na akachoka. Siku ya mwisho alikuja maabara na mfuko wake wa turubai. Nilikuwa nasafisha kisahani ambacho kilikuwa kisafi.

"Papa Rajabu, nimepitia daftari la mtambo," akasema. "Ile Ijumaa, nafasi ya densiti iko wazi."

Nikaendelea kusugua kisahani.

"Ukikumbuka, jaza."

Akanipa mkono, akaenda kupanda treni. Alirudi hapa Kigoma, akawa Madam wenu, akawafundisha miaka ile yote, na nasikia alikuwa mkali kuhusu daftari, hakusahihisha jaribio lisiloandikwa vipimo vyake. Kiranja wenu aliniambia hilo kama jambo la kuchekesha.

Nami nikastaafu, nikarudi Rusimbi, na hapa majirani wananitania kwamba nimeota mizizi. Ni kweli napenda nyumbani, siwezi kukana. Lakini Mwajuma aliwahi kuniuliza: "Mume wangu, unakwenda Ujiji, unakwenda msikitini, unakwenda hata Kidahwe kumzika Mzee Samsoni. Katonga, kutoka hapa si mbali, samaki ndio wanashushwa pale. Mbona hutaki kufika?" Nikamwambia magoti. Miaka yote Mwajuma alikwenda Katonga peke yake kununua samaki, kwa sababu ya magoti yangu, na magoti haya hayajawahi kuuma.

Nilifika Katonga mara moja tu, masika haya yaliyopita, kwenye msiba wa Faraja. Nyote mlikuwepo, na sare zenu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Nikataja jina langu. Akanishika mikono yote miwili.

"Ni wewe Papa Rajabu? Kaa hapa, kaa karibu. Alikuwa anakusema sana. Alisema hakuna mtu anachana jiwe lile kama wewe. Kwa nini hukuja wakati alikuwa mzima? Tunakaa mji mmoja!"

"Magoti, Mama," nikasema.

Akaagiza niletewe chakula. Wakaleta ugali na migebuka ya mawese. Mama mwenye msiba akanimiminia maji mwenyewe, akanishikia beseni. Nikala. Nilikula chote, kwa sababu aliniangalia.

Chuo kilipohamia kwenye mtambo mpya, madaftari ya zamani yalirundikwa kwenye korido yachomwe. Nilichukua moja, lenye ile Ijumaa. Limekaa kabatini kwangu, chini ya mashuka, muda wote Faraja alipokuwa hai na mimi nikiwa na kalamu. Kuelezea fuwele na elektroni nimeweza. Hili siwezi kuwaelezea.

Sasa mnajua. Ninyi mliogombana darasani, salimianeni. Waliosema alipika, waende wenyewe kwa mama yake wakaombe radhi, mimi nitatangulia; Mwajuma ameshaniambia magoti yangu atayapaka mawese. Na wewe utakayekaa siku moja mbele ya mtambo wowote, ukikosea, sema saa ileile, hata kama watu wamejaa mlangoni, hata kama watakupa jina. Jina nimelibeba miaka mingi, halina uzito wowote. Ukimya huu ndio mzito.

Asubuhi ya leo nimelitoa daftari, nimefungua ukurasa wa Ijumaa ile, nimeujaza kwa wino. Ninaunakili hapa. Ubandikeni ubaoni kwenu, mahali pa kuonekana.

Nyenzo: antimoni, juu ya ulanga.
Densiti iliyotakiwa: 6.7.
Densiti iliyokuwa kwenye geji: 19.3, ya dhahabu, haikubadilishwa.
Unene uliosomwa: nanomita 2.
Unene wa kweli: karibu 6.
Mtafiti: Faraja. Hakujua.
Aliyekuwa kwenye mtambo: Rajabu. Alijua tangu Jumatatu.